Kompyuta Isiyoruhusiwa Kuchelewa

Kompyuta ya ofisini ikisita kidogo kabla ya kufungua faili, anayeitumia husubiri, mambo yakaendelea. Video ya simu ikikwama, mtazamaji hukunja uso, kisha picha inarudi. Tumezoea hivyo hata tumeamini kwamba kuchelewa ni kero tu. Kompyuta inayoendesha mashine ya kuchonga chuma haina nafasi hiyo. Hesabu zake zinaweza kuwa sahihi mpaka tarakimu ya mwisho, lakini zikifika muda wake ukiwa umepita, chuma kimeshaharibika. Kwenye kazi hii, wakati ni sehemu ya jibu.

Kwa miaka kadhaa riziki yangu imetokana na kujenga mifumo endeshi ya namna hiyo, ile ya wakati halisi, na kuifungasha ili iingie kwenye kompyuta za karakana. Programu zenyewe waliziandika watu wengine, wengi wao mabara ya mbali, na wakazitoa bure. Mimi nilikuwa mtu wa mwisho kwenye mnyororo: nachukua msimbo wao, naujenga kwa ajili ya kompyuta fulani, naufunga kwenye vifurushi, na kuupeleka kwa fundi ambaye hatanipata kwenye simu saa mbili usiku wakati kazi ya mteja imebanwa mezani. Kazi hiyo ya kufunga husemwa kwa haraka sana na wanaofundisha kompyuta, kana kwamba programu ikishaandikwa mambo yamekwisha. Nimejifunza kuiheshimu kuliko sehemu nyingine zote za kazi yangu.

Nilianzia eneo la Gerezani, Dar es Salaam. Kabla ya hapo niliandika programu za mishahara na za stoo. Mzee mmoja mwenye karakana, mtengenezaji wa gia, shafti na kalibu za sabuni, alikuwa na mashine ya milingi ya mtumba kutoka Ulaya. Chuma chake kilikuwa kizima: meza imenyooka, reli hazijalika, skrubu za gololi hazina uchezi. Kilichokufa ni kabati la umeme lililokuwa nyuma yake. Bodi za ndani zilikuwa hazitengenezwi tena, na kabati jipya la kiwandani lingemgharimu kuliko alivyonunua mashine yote.

"Si wewe mtu wa kompyuta?" aliniuliza. "Mwili ninao. Nitafutie akili."

Akili hiyo ilikuwepo tayari, na historia yake inastahili kujulikana na kila fundi anayefaidika nayo. Mapema miaka ya 1990, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia vipimo na viwango, NIST, ilianza kutengeneza programu ya kuendesha mashine za viwandani. Fred Proctor alikuwa miongoni mwa wahandisi wake. Kwa kuwa ilikuwa kazi ya watumishi wa serikali ya nchi hiyo, haikuwa na haki miliki ya mtu. Yeyote aliweza kuichukua. Watu wa kujitolea wakaichukua, wakaiandika upya sehemu kubwa, na leo inaitwa LinuxCNC. John Kasunich aliiongezea tabaka linaloitwa HAL, ambamo kila swichi, mota na kipimo huonekana kama pini, na fundi huunganisha pini hizo kwa maandishi kama anavyounganisha nyaya kwenye kabati. Mzee wangu, ambaye hakuwahi kuandika programu hata moja, alielewa HAL kabla sijamaliza kumweleza. Alichukua karatasi akachora swichi, rilei na mota, akaniuliza pini ipi inakwenda wapi.

Lakini HAL peke yake haisogezi meza. Chini yake lazima kuwe na mfumo endeshi unaotimiza ahadi ya muda, na Linux ya kawaida haikutengenezwa kwa ahadi hiyo. Imetengenezwa kwa haki: kila programu ipate zamu yake, kazi nyingi zimalizike kwa siku. Ukiipa kazi ya kutoa pigo la umeme kila baada ya muda mfupi, itatoa vizuri mara nyingi, na mara chache itakuwa inanakili faili au inachora dirisha kwenye skrini, na pigo litachelewa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na naipenda kwa sababu inaonyesha jinsi nafasi ilivyo ndogo. Chukua skrubu inayosogeza meza milimita 5 kwa mzunguko. Mota ya hatua ina hatua 200 kwa mzunguko, na draiva yake huigawa kila hatua mara 10. Hivyo mzunguko mmoja ni mapigo 2,000, na milimita moja ni mapigo 400. Meza ikitembea milimita 40 kwa sekunde, kompyuta inatakiwa itoe mapigo 16,000 kila sekunde, yaani pigo moja kila mikrosekunde 62.5. Mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Sasa pigo moja lichelewe mikrosekunde 50, na linalofuata lije kwa wakati wake. Kati ya hayo mawili zimebaki 12.5. Kwa kitambo hicho mota imeamriwa kuzunguka mara tano ya mwendo wake, ghafla, huku imebeba meza na chuma kilichofungwa juu yake. Haiwezi. Inaruka hatua. Mota ya aina hii haina jicho la kumwambia msimamizi wake kwamba imeteleza, kwa hiyo kompyuta inaendelea kuamini meza iko ilipotakiwa kuwa, na kila mkato unaofuata unakwenda pembeni.

Njia ya kwanza ya kuipa Linux nidhamu hii niliyoitumia inaitwa RTAI. Ilianzishwa na Paolo Mantegazza na wenzake katika chuo cha Politecnico di Milano, Italia, kwenye idara ya uhandisi wa anga. Wazo lake ni la kijasiri: kiini kidogo cha wakati halisi, keneli ndogo, kinawekwa chini, na Linux nzima pamoja na madirisha yake inageuzwa kuwa kazi ya daraja la mwisho, inayoruhusiwa kukimbia pale tu ambapo mapigo ya mashine hayahitaji kitu. Njia ya pili, PREEMPT_RT, inaibadili Linux yenyewe kutoka ndani ili karibu kila sehemu yake iweze kukatizwa na kazi yenye daraja la juu. Ya kwanza ilikuwa na majibu ya haraka zaidi kwenye kompyuta kuukuu. Ya pili ilikuwa rahisi kuitunza. Nimefanya kazi na zote mbili, na bado naziheshimu zote mbili.

Kabla ya kuunganisha waya hata mmoja, tulipima. LinuxCNC inakuja na programu ndogo ya kipimo, inayoonyesha ni kwa kiasi gani kompyuta ilichelewa kuitika mara ilipochelewa kuliko zote. Ikiwa namba hiyo ni chini ya mikrosekunde 20 hivi, kompyuta inafaa sana kutoa mapigo yenyewe. Kati ya 30 na 50 bado kazi itafanyika. Ikifika 100, tafuta kompyuta nyingine au kadi ya nje ya kutoa mapigo. Kipimo hicho hakifanywi kompyuta ikiwa imepumzika. Unaifungulia video, unanakili mafaili makubwa, unachezesha picha za pande tatu kwenye skrini, unaiacha usiku kucha.

Nilikuwa na mazoea ya ofisini ya kutazama wastani. Nilimwonyesha mzee kwa furaha kwamba wastani wa kompyuta aliyonunua ni mzuri sana. Akachukua maikromita yake mezani.

"Mwanangu, nikikuletea shafti mia, wastani wake ni milimita ishirini na tano kamili, utanilipa?"

Nikanyamaza, nikisubiri amalizie.

"Moja ikiwa nene, haiingii kwenye beringi. Mteja anarudi na hiyo moja, hazileti zile tisini na tisa. Nionyeshe mbaya kuliko zote."

Mbaya kuliko zote ilikuwa juu ya mikrosekunde 300. Kompyuta ilikuwa mpya, yenye nguvu, na ghali. Tulitafuta sababu tukaipata mahali ambapo mtu wa programu za mishahara hafikirii kutazama: programu iliyofichwa kwenye BIOS, ile inayoamka kwanza umeme unapoingia. Katika baadhi ya kompyuta, programu hiyo huendelea kukatiza kichakataji mara kwa mara ili kusimamia feni, joto au kibodi, na hufanya hivyo bila mfumo endeshi kujua. Keneli inasimama na haijui kwamba ilisimama. Hakuna msimbo wa wakati halisi unaoweza kuzuia kitu kilicho chini yake. Tuliizima mipangilio ya kubana umeme, tukazima ugawaji wa kichakataji kimoja kuwa viwili, namba ikashuka lakini haikutosha. Tukaenda Kariakoo kwenye maduka ya kompyuta zilizotumika, na mashine ya ofisi ya zamani, ya bei ya chini kabisa dukani, yenye poti ya printa nyuma, ikatupa namba tuliyoitaka. Laptopu nyingi tulizojaribu zilifeli kabisa, kwa sababu zimeundwa kuhifadhi betri na hulala usingizi mfupi mfupi kila zinapopata nafasi.

Nimekaa kwenye jambo hili kwa sababu limegeuza namna ninavyofikiri kuhusu programu yoyote. Swali letu la kawaida ni kama kitu kinafanya kazi. Fundi anauliza kitafanya nini siku yake mbaya kuliko zote, na anataka namba.

Kisha ikaja sehemu ya kujenga. RTAI ya siku zile ilidai keneli ya toleo maalumu, iliyobandikwa viraka vyake, na moduli zake zijengwe kwa keneli hiyohiyo. Keneli ya Linux hukagua moduli kabla ya kuipokea. Ikikuta imejengwa kwa toleo jingine au kwa mipangilio mingine, inaikataa. Watu wengi hukereka na ukali huo. Mimi niliufurahia, maana moduli isiyolingana ikikubaliwa ingeweza kuandika mahali pasipo pake kwenye kumbukumbu wakati kikatio kinazunguka.

Kilichonisumbua ni kwamba kitu kikijengeka kwenye laptopu yangu hakithibitishi lolote. Laptopu ya mwandishi wa programu imejaa vitu alivyoviweka mwaka juzi akavisahau: maktaba, faili za mipangilio, njia za mkato. Programu inajengeka kwa kuviegemea, halafu inafika Gerezani na kuanguka. Debian, mfumo ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ina dawa ya jambo hilo. Kwa amri moja unaunda ndani ya folda mfumo mdogo, mtupu, usio na chochote isipokuwa vile vya lazima. Unajenga humo ndani. Kila kitu inachohitaji programu lazima ukitaje kwa jina kwenye faili la maelezo, la sivyo ujenzi unasimama. Orodha hiyo inakuwa ya kweli kwa sababu imelazimishwa kuwa ya kweli.

Kifurushi cha Debian ukikifungua ndani ni kitu cha wazi: kuna faili dogo la kutaja toleo la umbo lake, kuna bunda la maelezo, na kuna bunda la mafaili yenyewe. Kwenye maelezo kuna mstari wa vitegemezi, na huo ndio mstari niliotumia muda mwingi kuliko yote. Hapo ndipo unaposema: programu hii isiwekwe kama keneli ya wakati halisi haipo, isiwekwe pamoja na toleo lile, kikiondolewa kile, na hii iondoke. Halafu kuna hati ndogo zinazoendeshwa wakati wa kuweka na kuondoa. Programu inayotoa mapigo inahitaji ruhusa ya kushika poti na kufungia kumbukumbu yake isihamishiwe kwenye diski, kwa sababu kuisubiri diski ni maelfu ya mikrosekunde. Ukijenga kwa mkono, unatoa ruhusa hizo kwa amri ya mwisho ambayo ni rahisi kuisahau. Kifurushi hakisahau.

Nilielewa uzito wa mstari ule wa vitegemezi siku nilipopigiwa simu na karakana moja ya Morogoro. Huko walikuwa na mashine nyingine, ya mfumo wa PREEMPT_RT, na ilikuwa imefanya kazi vizuri kwa muda mrefu. Sasa vipande vilikuwa vinatoka na kingo zenye ngazi ngazi. Walikuwa wamekaza mikanda, wamebadilisha draiva, wamepima umeme. Kila kitu kiko sawa, waliniambia, ila inakula pembeni.

Niliwaomba waandike amri moja ya kutaja keneli iliyowaka. Jibu lilisomwa kwenye simu herufi kwa herufi, na herufi mbili nilizokuwa nazisubiri, rt, hazikuwemo. Mfumo ulikuwa umejisasisha, ukaleta keneli mpya ya kawaida, na kwa kuwa ilikuwa mpya ikawa ya kwanza kwenye orodha ya kuwasha. LinuxCNC ikiwaka bila keneli ya wakati halisi huandika taarifa ya mstari mmoja na kuendelea, na uamuzi huo una maana yake: mwanafunzi aweze kujifunza kwa kuigiza kwenye kompyuta yoyote. Lakini pale Morogoro programu ilifunguliwa kwa kubofya picha kwenye skrini. Mstari ule ulipita mahali ambapo hakuna aliyeuona. Mashine ilikuwa inafanya kazi, na hilo ndilo lililowachelewesha kugundua.

Baada ya hapo vifurushi vyangu vilibadilika. Keneli ya PREEMPT_RT ikiwaka, huweka faili dogo kwenye mfumo, /sys/kernel/realtime, lenye namba 1 ndani yake. Niliandika hati inayosoma faili hilo kabla ya jambo lingine lolote. Isipoikuta hiyo 1, draiva hazipati umeme na skrini nzima inajaa maandishi makubwa: kompyuta haijawaka kwa keneli ya mashine, izime, iwashe tena, chagua mstari wenye herufi rt. Maandishi ni ya Kiswahili. Nilishaona mafundi hodari, watu wanaosoma mchoro wa kalibu kama unavyosoma gazeti, wakibonyeza kitufe cha kukubali kwenye ujumbe wa Kiingereza bila kuusoma, kwa sababu miaka yote ujumbe wa namna hiyo haukuwa na maana kwao. Ujumbe wa hatari ni sehemu ya mashine. Ukiandikwa kwa lugha ambayo aliyesimama pale hafikiri kwayo, mashine haijakamilika.

Umeme nao ulinifundisha yake. Unaweza kukatika katikati ya kuweka programu, na hapa kwetu hilo si jambo la kufikirika. Hapo nilipata kuthamini watu waliounda dpkg, chombo cha chini kabisa cha Debian cha kuweka vifurushi. Kwa kila kifurushi kinaandika kimefika wapi: kimefunguliwa, kimesanidiwa nusu, kimekamilika. Umeme ukirudi, amri moja inamalizia palipoachwa. Waliifikiria hali mbaya kabla haijatokea. Nilianza kuziandika hati zangu vivyo hivyo: kila hatua iweze kurudiwa mara mbili bila madhara, na mpangilio wa mashine usiguswe kamwe na kusasisha programu. Namba za mashine ya mtu, pigo ngapi kwa milimita, kasi gani, mwisho wa meza uko wapi, amezipata kwa jasho. Kifurushi hakina haki ya kuzifuta.

Halafu kuna suala la bando. Karakana nyingi nilizofanyia kazi hazikuwa na intaneti, na zilizokuwa nayo zilitumia simu ya mwenye karakana. Hakuna atakayenunua bando la kupakua mfumo mzima. Kwa hiyo niliweka hazina yote ya vifurushi kwenye diski ya nje, na kompyuta ikaelekezwa kusoma humo. Flashi na diski zinazozunguka mjini hubeba virusi na mafaili yaliyokatika nusu, na hapo sahihi za kidijitali zinaonyesha faida yake. Orodha ya vifurushi husainiwa kwa ufunguo, na ndani ya orodha kuna alama ya kila faili iliyokokotolewa kutokana na maudhui yake. Biti moja ikibadilika njiani, alama hailingani, na kompyuta inakataa. Diski imepitia mikono ya nani, kwenye basi gani, haijalishi tena.

Kuna kisa ninachowasimulia vijana wanaojifunza kazi hii, na hakihusu karakana. Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kilitua kwenye sayari ya Mirihi. Siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya yenyewe. Ilikuwa inatumia VxWorks, mfumo endeshi wa wakati halisi. Kazi ya daraja la chini, ya kukusanya habari za hali ya hewa, ilikuwa imeshika kufuli ambalo kazi ya daraja la juu ililihitaji. Kazi za daraja la kati zikaingia na kumzuia yule wa chini asimalize na kuliachia. Yule wa juu akakosa muda wake, na mlinzi wa mfumo, alipoona kazi muhimu haijamalizika, akaiwasha upya kompyuta. Dawa ilikuwa kubadili mpangilio mmoja wa kufuli, ili aliyelishika arithi kwa muda daraja la anayelisubiri. Wahandisi wa JPL, maabara iliyokitengeneza chombo hicho, waliituma dawa hiyo kutoka duniani, ikafanya kazi.

Watu husimulia kisa hiki kwa ajili ya kufuli. Mimi nakisimulia kwa ajili ya kifurushi. Waliweza kuitafuta hitilafu kwa sababu programu iliyoruka ilikuwa bado na vyombo vyake vya uchunguzi ndani, na waliweza kuirudia hali ileile kwenye nakala ya chombo iliyobaki maabara. Kilichoruka ndicho kilichokuwa kimejaribiwa. Tangu nilipokisoma sijawahi kuondoa kipimo cha ucheleweshaji kwenye mfumo ninaoufunga, hata nikiombwa kuupunguza ukubwa. Kimo humo, na picha yake iko kwenye skrini ya fundi.

Sitaki msomaji adhani programu nzuri inatosha kulinda vidole vya mtu. Tulipofika kwenye kitufe chekundu cha dharura, nilipanga kukipitisha kwenye kompyuta kama ishara nyingine. Mzee alikataa kabla sijamaliza sentensi.

"Hiki kisiulize kompyuta. Kikate."

Ndivyo inavyotakiwa, na ndivyo wanaojua kazi hii wote wanavyosisitiza: kitufe kinakata umeme wa mota moja kwa moja, na kompyuta inapewa taarifa tu. Tuliongeza na kinga ya upande wa pili. Ndani ya HAL kuna kijenzi kinachotoa mapigo mfululizo muda wote programu inapokuwa hai, na saketi ndogo nje huishikilia rilei kwa mapigo hayo. Programu ikifa au keneli ikiganda, mapigo yanakoma, rilei inaachia, mota zinakosa nguvu. Ukimya wenyewe ndio amri ya kusimama.

Mwezi Septemba 2024, kwenye mkutano wa wajenzi wa Linux mjini Vienna, Thomas Gleixner alimkabidhi Linus Torvalds ombi la mwisho la kuingiza PREEMPT_RT kwenye Linux rasmi, na toleo la 6.12 lilipotoka Novemba mwaka huo lilikuwa nayo. Ilikuwa kazi ya karibu miaka ishirini. Kimoja cha vikwazo vya mwisho kilikuwa ni njia ambayo keneli huandikia ujumbe wake kwenye skrini: hata kuandika mstari mmoja wa taarifa kulikuwa na uwezo wa kumchelewesha anayetakiwa kuwahi. Niliguswa sana na habari ile. Watu wachache, wengi wao hawatajulikana nje ya fani, walikaa miongo miwili wakitafuta kila mahali ambapo kompyuta huchelewa na kuparekebisha. Mwaka 2023 LinuxCNC nayo ilikuwa imeingia kwenye hazina ya Debian 12, kwa hiyo kijana wa leo anaiweka kwa amri moja, pamoja na keneli yake.

Kazi ya kufunga haikuisha kwa hayo. BIOS bado inakatiza inapotaka, na kompyuta mpya bado inapimwa usiku kucha kabla haijaaminiwa. Na kuna mashine za Gerezani zilizo na kompyuta za biti 32, poti ya printa, na keneli za RTAI za enzi ya 2.6.32, ambazo bado zinachonga vizuri. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena keneli wala kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Mzee aliniuliza kama inabidi abadilishe. Nilimwambia hapana: kompyuta yako haijaunganishwa na mtandao wowote, namba zake ni nzuri, iache. Ila diski yake itakufa siku moja, na ikifa lazima tuweze kuijenga tena.

Hiyo sasa ndiyo kazi inayotushughulisha. Kuna binti aliyejiunga na karakana akitokea chuo cha ufundi cha VETA, mwenye mkono mzuri kwenye mashine na subira kubwa kwenye kompyuta. Nilimpa diski yenye msimbo wa zamani, viraka vya RTAI na mipangilio, nikamwomba aijenge keneli ile mwanzo hadi mwisho bila kuniuliza. Alirudi baada ya siku chache.

"Kaka, kompaila ya sasa haitaki. Inatafuta faili la toleo lake kwenye msimbo wa keneli, na wakati ule toleo hilo halikuwepo duniani."

Alikuwa sahihi, keneli za enzi ile zinahitaji kompaila za enzi ile. Ameshaunda folda yenye mfumo mtupu wa Debian ya wakati huo, kompaila ikiwa ndani, ameijenga keneli humo na ikawaka kwenye kompyuta ya majaribio. Wiki hii anaiacha ikipimwa usiku huku video inacheza, na maelezo ya kila hatua anayaandika kwa Kiswahili kwenye diski hiyohiyo.